Mnawaulizaje Watu Kuhusu Mnara wa Wafu Wao?

Kuna maneno niliyoyasikia kwenye kikao cha kukusanya maoni kuhusu kumbukumbu ya waliouawa, na mpaka leo yananiwasha. Mzee mmoja alikuwa ameanza kueleza jinsi kaka yake alivyochukuliwa nyumbani, akafika katikati, akanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Afisa aliyeshika kipaza sauti akatazama saa yake, akasema: "Mzee, tafadhali turudi kwenye ajenda. Tunataka kujua ungependa mnara uwekwe wapi." Mzee akaketi, na hakusema tena.

Afisa yule si mtu mbaya. Ana kisomo, anaijua sheria ya malikale, anajua zabuni ya mchongaji inatangazwaje. Lakini hakuna aliyewahi kumfunza afanye nini mtu anaponyamaza. Katika nchi hii dereva wa gari la serikali hapewi funguo kabla hajapimwa, ila mtu anayetumwa kwenda kuwauliza wajane kuhusu waume zao waliouawa anapewa fomu, posho na tarehe ya kurudisha ripoti. Jambo hili linaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza kwa adabu.

Ninachotaka ni rahisi kusema: kila anayetumwa na makumbusho, kaunti au wizara kuzungumza na wananchi kuhusu sanamu na minara ya mambo yaliyowaumiza, afunzwe kwanza kuhusu kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya mateso. Afunzwe kwa vitendo, na mtu anayejua kazi hiyo, kabla hajapanda gari.

Nianze na baraza lenyewe, maana madhara huanza hapo, kabla hata swali la kwanza halijaulizwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na mimi ni wa kwanza kuitetea. Sasa tazama tunavyowashirikisha. Chifu anatangaza. Watu wanakusanyika uwanjani. Askari wachache wanasimama kando, "kwa usalama tu". Karatasi inapitishwa: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi au dole gumba. Kwa kisima au barabara, sina neno.

Peleka baraza hilohilo Wajir, kaskazini mwa Kenya. Februari 1984 wanaume wa Degodia, ukoo wa Wasomali, walikusanywa na vikosi vya usalama wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Walikaa huko siku kadhaa juani, bila chakula wala maji, wakaamriwa wavue nguo, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ya wakati huo ilikiri vifo 57. Wenyeji wametaja idadi kubwa mara nyingi zaidi, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokabidhi ripoti yake Mei 2013 iliyaweka mauaji yale miongoni mwa maovu mabaya zaidi yaliyotendwa na dola. Sasa wewe unamwita manusura wa siku ile aje uwanjani, kwa amri ya serikali, kuwe na askari, na jina lake liandikwe. Halafu unashangaa kwa nini wazee hawakuja, na kwenye ripoti unaandika kwamba "jamii haikuonyesha hamu kubwa".

Ukienda Murang'a au Nyeri ni yaleyale. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipambana na Mau Mau, watu walipangwa mstari mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, umekwenda kizuizini. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, Nairobi nzima ilizingirwa na maelfu kwa maelfu wakachujwa hivyo. Walioyaona hayo wakiwa watoto wengine bado wako hai, wana miaka themanini na ushei. Mgeni wa serikali anayeuliza maswali huku mwenzake akiandika majibu kwenye daftari si kitu kipya kwao. Miili yao inamkumbuka hata kabla akili haijatambua kinachoendelea: mikono inatetemeka, koo linakauka, mtu anajibu "ndiyo" kwa kila kitu ili amalize aende zake. Ile "ndiyo" ndiyo tunayoirudisha ofisini tukaiita maoni ya wananchi.

Na Nyayo House, jengo la serikali katikati ya Nairobi, je? Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu waliteswa kwenye vyumba vya chini vya jengo lile, wakafungiwa gizani, vyumba vikijazwa maji. Vyumba vilifunguliwa watu wakaviona mwaka 2003. Jengo ni hilohilo tunalopigia foleni ya pasipoti. Afisa asiyefunzwa anaweza kabisa kumwandikia manusura barua ya kumwita kwenye kikao cha kumbukumbu, katika jengo la serikali katikati ya mji, ukumbi wa chini usio na dirisha, na asione kasoro yoyote. Aliyefunzwa angeuliza kwanza: wewe ungependa tukutane wapi?

Hapo ndipo mafunzo yanapoonyesha faida yake, kwenye mambo madogomadogo ambayo bajeti huyadharau. Watu wachache kwa wakati mmoja badala ya umati. Mahali wanapopachagua wenyewe. Wajane wakae na mwanamke, kwa sababu Wagalla wanawake walitendewa mambo ambayo hawatayasema mbele ya chifu wala mbele ya wakwe zao. Kiti karibu na mlango, ili anayetaka kutoka atoke bila kuomba ruhusa. Sare zibaki mbali. Mkalimani asiwe kijana wa ukoo uleule anayesikia kwa mara ya kwanza kilichompata nyanya yake. Mwanzoni kabisa waambiwe maneno yao yanakwenda wapi, nani atayasoma, na kwamba mtu akibadili nia kesho yatafutwa. Kinasa sauti kiwe juu ya meza, wakione, na kikizimwa kizimwe kweli.

Jambo moja ningependa kila afisa alishike hata akisahau mengine yote: huna haja ya kumuuliza mtu ndugu yake aliuawaje ili ujue anataka mnara wa namna gani. Uliza majina yaandikwe kwa lugha gani. Uliza nani akate utepe, na nani asionekane kabisa siku hiyo. Uliza kama wangetaka kisima au shule badala ya jiwe. Kisa cha kifo ni cha mwenyewe. Akitaka kukitoa atakitoa, na hapo kazi yako ni kukaa kimya na kusikiliza mpaka mwisho.

Nimewahi kujibiwa kwamba haya ni ya zamani, watu wamekwisha kupoa. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa na Waingereza tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake imesimama Nairobi tangu 2007, na familia bado haijapewa mwili wa kuzika. Huwezi kuzungumza na familia ile kuhusu sanamu bila kugusa kaburi, hata kama kaburi halimo kwenye ajenda yako. Nenda Songea, Tanzania, ambako Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wao. Hao hakuna aliye hai anayewakumbuka kwa macho. Lakini rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipofika huko Novemba 2023 kuomba radhi, alikutana na wajukuu na vitukuu wanaouliza bado kichwa cha Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi walionyongwa, kiko wapi. Msiba usiozikwa haupoi. Unarithiwa.

Wapo pia wanaosema hatuna pesa. Pesa za marumaru, za mahema na za wageni waalikwa huwa hazikosi.

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba mafunzo yanaweza kuwa biashara. Ninamwona tayari mshauri wa warsha na slaidi zake, siku mbili hotelini, picha ya pamoja, cheti. Afisa anatoka pale akijua istilahi mpya na hajakaa na mfiwa hata mmoja. Ninakubali vilevile kwamba wazee wetu walijua kukaa na msiba kabla ya chuo chochote, na kwamba manusura wengine wako imara kuliko sisi, wanataka kusema na wamechoshwa na watu wanaowanong'oneza kama wagonjwa. Basi hao ndio wawe walimu. Manusura alipwe kuwafunza maafisa, kwa kiwango kilekile anacholipwa mshauri wa hoteli. Rwanda wanatuonyesha kwamba inawezekana: katika hafla za kumbukumbu za kila Aprili, watu waliofunzwa husimama tayari katikati ya waombolezaji, na anayezidiwa hupokewa na kupelekwa kando pa utulivu. Wanajua kwamba kumbukumbu itamwangusha mtu, wanajipanga kwa ajili yake.

Na maafisa wenyewe? Hawa tunawasahau kabisa. Kijana anasikiliza visa vya mauaji asubuhi mpaka jioni, anavichapa usiku, kesho yake anakwenda kijiji kingine. Hapati usingizi, anaanza kuwakaripia watu, na bosi wake anasema ana tabia mbaya. Kuna lingine zito zaidi. Huenda kijana huyo ni mjukuu wa homugadi, mlinzi aliyewatumikia Waingereza dhidi ya Mau Mau, na anatumwa kwenye kilima kilekile ambako babu yake alichoma nyumba. Au baba yake alikuwa mwanajeshi kaskazini mwaka 1984. Anajua. Wenyeji nao huenda wanalijua jina la ukoo wake pindi anapojitambulisha. Nani amewahi kuketi naye kabla ya safari akamuuliza kama anaweza kuibeba kazi hii, na kama hawezi, akampa kazi nyingine bila kumharibia faili?

Kwa hiyo nikiona mpango wa mnara wowote kuanzia sasa, nitatafuta mistari mitatu kwenye bajeti: mafunzo kabla ya kikao cha kwanza, mnasihi anayeijua lugha ya mahali pale, na nauli ya kurudi kuwaona waliozungumza, mwezi mmoja baada ya kikao na tena baada ya uzinduzi. Mistari hiyo ikikosekana, nitaandika kwa waliotayarisha mpango na kwa kamati ya bunge la kaunti, na nitawaomba wenyeji wasiende kwenye baraza hilo mpaka iwekwe.