Kuta za Tucson zimeokolewa, wakazi je?

Mwaka 1966 wapiga kura wa Tucson, mji wa jangwani katika jimbo la Arizona nchini Marekani, waliukubali mradi wa kujenga upya katikati ya mji. Mitaa ya familia zenye asili ya Meksiko ikabomolewa, na mwaka 1971 kikafunguliwa hapo kituo cha mikutano. Kilichosalia upande wa kusini ni Barrio Viejo: nyumba za udongo zilizoshikana ukuta kwa ukuta, milango ikitazama barabara moja kwa moja, ua ukiwa nyuma. Sehemu hiyo iliingizwa mwaka 1978 kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, kwa jina la Barrio Libre.

Wanaotetea uhifadhi wana hoja nzito. Mtindo huu ulitoka Sonora, jimbo la Meksiko linalopakana na Arizona, na ulitawala mjini hadi reli ilipofika mwaka 1880 ikileta mbao na mazoea ya kujenga nyumba inayosimama peke yake katikati ya kiwanja. Ukuta una unene wa karibu nusu mita, wa tofali mbichi zilizokaushwa juani. Kiangazi joto hupita nyuzi 38, lakini huchukua saa nyingi kulipenya tofali hilo, na nyumba iliyobanana na jirani yake ina kuta chache za kuchomwa na jua. Ukiibomoa, hekima hiyo haijengeki tena kwa bei ya kawaida.

Ila udongo unataka kutunzwa. Wengi walipiga lipu ya saruji wakiamini wanaimarisha ukuta. Saruji huzuia unyevu unaopanda kutoka ardhini usitoke, na tofali za chini hulika polepole huku nje pakionekana pazima. Dawa ni kuibandua na kurudia lipu ya udongo au chokaa inayoruhusu ukuta kupumua, kazi ya fundi anayeijua, na haifanywi kwa pesa kidogo. Isitoshe, kanuni za mji zinataka mabadiliko ya nje yapitiwe kwanza.

Hapo ndipo wapinzani wanaposikika, na wana haki ya kusikika. Mtaa uliodharauliwa sasa unatamaniwa, bei zimepanda, na wazao wa waliojenga wanashindwa kununua walikozaliwa bibi zao. Arizona hupunguza kodi ya majengo kwa mwenye nyumba ya kihistoria anayeishi humo. Ni msaada wa kweli, lakini humfikia tajiri aliyehamia juzi sawa na mjane aliyezaliwa humo, na mpangaji hapati kitu.

Hata hivyo sikubali kwamba uhifadhi ndio uliowafukuza watu. Waliofukuzwa wakati ule walifukuzwa na mabuldoza, wakati hakuna aliyeziita nyumba zao urithi. Kosa la leo ni kulinda sura ya barabarani na kuacha mkazi ajitegemee. Fedha za umma zianze na lipu ya chokaa kwa familia za zamani zenye kipato kidogo, na mwenye nyumba za kupangisha apewe ruzuku kwa sharti la kutopandisha kodi ya pango kwa miaka kadhaa.