Bia ya Moto kwenye Dari la Leeds

Nani aliwaambia watu wa nyumbani kwamba Mwingereza anakunywa bia ya moto? Nikimpata, namkabidhi bili ya rangi ya dari. Ile bia yao ya asili, bita, inakaa kwenye pipa huko chini ya baa, nyuzi 11 hadi 13 hivi, hamira bado iko hai ndani yake, na mhudumu anaipandisha kwa kuvuta mpini kwa mkono. Nyuzi 12 si moto. Nyuzi 12 ni asubuhi ya Kibosho, kwetu mlimani Kilimanjaro, mwezi wa saba, mtu mzima anatoka nje kajitanda blanketi.

Haya yote nilimweleza shangazi yangu alipokuja Leeds kututembelea. Yeye alishika moja tu: haiwekwi friji. Kwa mtu aliyezoea kuulizwa baa "ya moto au ya baridi?", kesi ilikuwa imekwisha.

Sasa huyu shangazi si mtu wa kubeza kwenye mambo ya pombe. Amepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya harusi, ya matanga na ya vikao vya ukoo tangu mimi sijazaliwa. Ijumaa jioni nilipowasha jiko kupika bita yangu, alivuta kiti akakaa katikati ya jikoni kama mkaguzi kutoka wizarani.

"Ndizi ziko wapi?"

"Hakuna ndizi, shangazi. Ni kimea cha shayiri tu."

Alinitazama kwa huruma. Lakini alipookota punje za ile shayiri, Maris Otter, akatafuna, akatikisa kichwa kukubali. Kimea anakijua, hata kama chake ni cha ulezi. Nikakiloweka kwenye maji ya nyuzi 66 kwa saa nzima ili wanga ugeuke sukari, nikachuja, nikachemsha saa nyingine. Hopsi, yale maua ya kukolezea bia, za aina ya Fuggle zikaingia mwanzoni kwa ajili ya uchungu, za Goldings kutoka Kent mwishoni kwa ajili ya harufu. Shangazi akachukua moja, akaifikicha kwenye kiganja, akanusa.

"Huu ndio msesewa wao," akasema, yaani lile gome la mti linaloipa mbege uchungu wake. Nimesoma maelezo marefu sana kuhusu hopsi na hakuna lililonitosha kama hilo.

Kisha akashusha sauti. "Na polisi?"

Nikamwambia atulie. Tangu 1963 Mwingereza anapika bia nyumbani kwake bila leseni, mradi asiiuze. Akaguna. Nadhani hakuniamini, maana alikwenda kufunga pazia.

Usiku huo lita 23, yaani painti 40, zikalala kwenye ndoo ndani ya kabati la chini ya ngazi, hamira juu yake. Kifuniko kina kitundu, na kwenye kitundu kuna kimrija cha plastiki chenye maji kidogo: hewa inatoka, uchafu hauingii. Jumamosi usiku kikaanza kuimba. Blup. Blup. Blup.

Shangazi akagonga mlango wangu. "Nini kinapumua kule chini?"

"Ni gesi tu inatoka, shangazi. Lala."

Kumbe siku aliyofika, mke wangu alikuwa amemwonyesha kile king'ora cha ukutani, akamweleza kwamba gesi huwa inaua watu hapa Ulaya wakiwa usingizini.

Jumapili asubuhi akaja jirani yetu, mzee wa Yorkshire aliyenifundisha kupika bita, kuangalia mtoto wake anaendeleaje, kama anavyopenda kuiita. Tukafungua kabati. Hakuna ndoo.

Ilikuwa sebuleni, imebanwa na hita, imevalishwa koti langu la baridi. Chini ya koti mlikuwa na chupa ya mpira ya maji ya moto. Kimrija kilikuwa kimeng'olewa, na kitundu kimezibwa kwa donge la unga wa chapati, limekandikwa kwa ufundi wa mtu anayejua kukandika. Juu ya vyote khanga, fundo mbili. Kifuniko kilikuwa kimetuna.

"Nimeipasha," shangazi akasema kutoka jikoni. "Si mlisema wanainywa ya moto? Na ile gesi nimeizuia."

Mzee akaniuliza amesemaje. Nikawa bado natafuta pa kuanzia kutafsiri wakati nafungua fundo la pili.

Sikusikia mlio, niliona tu dari limebadilika rangi. Povu lilipanda, likagonga juu, likarudi na majani ya hopsi. Khanga ikaruka ikanasa kwenye taa, imetandazika vizuri kabisa, inachuruzika, maandishi yake yakitutazama: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Donge la chapati tulilipata baadaye, nyuma ya televisheni.

"Yesu na Maria!" shangazi akaita.

Mzee alikuwa na povu mpaka kwenye nyusi. Mjue kwamba Yorkshire wanapenda bia yenye povu zito kichwani, mpaka wanafunga kichujio kidogo mdomoni mwa bomba ili litoke hivyo. Watu wa kusini wanaona huo ni wizi wa bia. Alijifuta jicho moja. "Kule London," akasema, "povu kama hili hulipati."

Akaona shangazi anatetemeka, akataka kumfariji. Akamsimulia kwamba mwaka 1814 huko huko London, karibu na Tottenham Court Road, pipa kubwa la porta, bia nyeusi, lilipasuka kiwandani, bia ikafurika mtaani, watu wanane wakafa. Nikatafsiri. Faraja haikufika.

"Watu wanane," shangazi akasema, "na mnaendelea kuinywa?"

Hata hivyo nusu ndoo ilibaki, nikairudisha kabatini na kimrija chake.

Wiki ile ile mwenye nyumba alipita, akaona dari, akasema bomba la bafuni linavuja. Sikumbishia, ni mtu anayependa kuwa sahihi. Akamtuma fundi bomba. Fundi akapanda ngazi, akagonga hapa, akagonga pale, akasogeza pua kwenye lile doa la kahawia. Akanusa tena, taratibu.

"Goldings?" akauliza.

"Goldings," nikajibu.

Akachungulia chini kutoka kwenye ngazi. "Imebaki?"