Budd si mabodi ya magari tu

Asante mwandishi kwa makala kuhusu kampuni ya Budd ya Philadelphia, ila treni zake umezipa sentensi moja tu, nafasi yote iliyobaki ukaimalizia kwenye mabodi ya magari. Ni kweli Edward Budd alianza mwaka 1912 na mabodi ya chuma kitupu, wakati wengi bado walikuwa wakipigilia bati juu ya fremu za mbao, na Dodge na Citroën wakaukubali mtindo wake. Lakini mimi ni fundi wa kuchomelea, na kwangu maajabu yake yako kwenye kiungio.

Chuma kisichoshika kutu ukikiunguza kwa muda mrefu, kromiamu, yaani madini yanayokikinga na kutu, iliyo kando ya kiungio hushikana na kaboni, na hapo ndipo kutu huanzia. Mafundi wa Budd wakapitisha umeme mkali kwa kufumba na kufumbua: mabati mawili yameshikana, joto halijapata nafasi ya kusambaa. Bila hilo ile treni yao ya chuma hicho, Zephyr, isingekuwepo. Tarehe 26 Mei 1934 ilitoka Denver hadi Chicago, kilomita 1,630 hivi, kwa saa 13 na dakika 5. Ndani alikuwemo hata punda!

Na mabehewa waliyoijengea kampuni ya reli ya Canadian Pacific mwaka 1954 na 1955 bado yanabeba abiria kati ya Toronto na Vancouver. Tazama picha zake: ubavu wa mabati yenye mikunjo unang'aa, wala hauhitaji rangi kuukinga na kutu.