Tuvalu imeuza nini kwa Australia?

Kwa Kituvalu, lugha ya Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo katika Bahari ya Pasifiki, fale ni nyumba. Pili si ile yetu ya hesabu. Maana yake ni kuwa karibu, kupakana. Ukiziunganisha unapata falepili, yaani wajibu wa kumtazama jirani yako kama wa nyumba yako bila kungoja malipo. Neno hilo ndilo lililopewa mkataba uliotiwa saini Rarotonga, Visiwa vya Cook, mwezi Novemba 2023, kati ya Kausea Natano, waziri mkuu wa Tuvalu wakati huo, na Anthony Albanese wa Australia. Ulianza kutumika Agosti 28, 2024. Jina tamu. Lakini jirani mmoja ana watu wapatao milioni 27 na mwenzake alihesabu watu 10,600 hivi katika sensa ya 2022. Ujirani wa aina hiyo husomwa kifungu kwa kifungu.

Vifungu vyenye uzito ni vitatu. Cha kwanza, Australia inakubali kwamba Tuvalu itabaki kuwa dola hata bahari ikipanda ikala ardhi yake. Cha pili, kila mwaka Watuvalu hadi 280 wanapata ukaazi wa kudumu Australia, wakaishi, wakafanya kazi, wakasoma, wakatibiwa, na wakarudi kwao wakitaka. Cha tatu ndicho kilichowasha moto: Tuvalu haiwezi kuingia ushirikiano wowote wa ulinzi na usalama na nchi nyingine pasipo Australia kuridhia. Na "usalama" humo haukuishia kwenye majeshi. Umo upolisi, ulinzi wa mipaka, usalama wa mitandao, bandari, mawasiliano na umeme.

Hicho cha tatu, ambacho ndani ya mkataba ni kifungu cha nne, wapinzani wanakiita kura ya turufu. Enele Sopoaga, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliukataa mkataba huo waziwazi. Hata Feleti Teo, aliyeshika uwaziri mkuu Februari 2024 baada ya Natano kupoteza kiti chake cha ubunge, alilalamika kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Hata hivyo serikali yake haikuuvunja.

Ukitaka kujua kwa nini, anza na ramani. Tuvalu ni visiwa tisa vya matumbawe vilivyotawanyika karibu kilomita 700 baharini, kuanzia Nanumea kaskazini hadi Niulakita kusini. Ardhi yote ukiikusanya ni kilomita za mraba 26. Unguja peke yake inaizidi zaidi ya mara 60. Mahali pengi ardhi haifiki mita tatu juu ya bahari, na zaidi ya nusu ya watu wamebanana Funafuti, kwenye kipande chembamba ambacho ukisimama katikati unasikia mawimbi ya pande zote mbili. Uwanja wa ndege, uliojengwa na Wamarekani mwaka 1943 wakati wa vita, umemeza sehemu kubwa ya ardhi hiyo, kwa hiyo jioni watoto hucheza mpira kwenye njia ya kurukia ndege; ndege ikikaribia, king'ora kinalia, watu wanatoka.

Lakini bahari iliyo chini ya mamlaka yake inapita kilomita za mraba 750,000, zaidi ya mara tatu ya ile ya Tanzania. Na humo mna jodari.

Uchumi wa Tuvalu kwa sehemu kubwa ni kukodisha vitu ambavyo nchi huru pekee ndiyo huwa navyo. Meli za nje zinalipa leseni ili zivue jodari. Tangu nchi za Mkataba wa Nauru, kundi la nchi za Pasifiki zenye jodari, zilipoanza kuuza siku za kuvua kwa pamoja, kwa kima cha chini cha bei kilichokubaliwa, mapato hayo yamekuwa nguzo kuu ya bajeti. Kisha kuna herufi mbili za mwisho wa anwani za mtandaoni, .tv, ambazo Tuvalu iligawiwa kwa sababu tu ni nchi, kisha zikafanana na kifupi cha televisheni. Kampuni za nje zinalipa mamilioni ya dola kila mwaka ili kuziuza. Fedha za herufi hizo zilisaidia kulipia kiti cha Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Upo pia mfuko wa akiba uliofunguliwa 1987 kwa michango ya Australia, New Zealand, Uingereza na Tuvalu yenyewe. Na kuna Taiwan, ambayo Tuvalu inaitambua tangu 1979 na ambayo nayo haisahau marafiki zake. Ukiondoa mabaharia wanaotuma fedha nyumbani na minazi michache, umebaki na hayo.

Kwa hiyo nikisikia watu wanalia kwamba Tuvalu "imeuza uhuru wake", nauliza: kwani ilikuwa inauza nini miaka yote hii? Tangu ipate uhuru Oktoba 1, 1978, imekuwa ikiishi kwa kukodisha uhuru huo vipande vipande, na kwa ustadi ambao nchi kubwa zenye dhahabu na mafuta zingeuonea wivu. Teo mwenyewe, kabla ya kuwa waziri mkuu, aliendesha tume ya uvuvi wa jodari ya magharibi na kati mwa Pasifiki. Huyo si mtu wa kufundishwa thamani ya leseni.

Tofauti ya safari hii ni aina ya bidhaa. Leseni ya jodari ina tarehe ya mwisho. Mkataba wa .tv ukiisha unatafuta mnunuzi mwingine, na Tuvalu imeshafanya hivyo. Kifungu cha nne kinamkabidhi mwingine sehemu ya uamuzi wenyewe. Ikitokea kesho kampuni ya nchi nyingine inataka kujenga kituo cha mawasiliano au gati, kwanza Canberra itaulizwa. Australia haifichi sababu: Visiwa vya Solomon na Kiribati viliiacha Taiwan vikaenda China mwaka 2019, Nauru ikafuata Januari 2024. Kwa Australia, huruma ya tabianchi na hofu ya Beijing zimeandikwa kwenye karatasi moja, na sijui nani angeamini kwamba ya kwanza ingetosha bila ya pili.

Watetezi wana jibu zito, nami nalipa haki yake. Kwanza, bahari haingojei mjadala. Kwenye pwani ya Tuvalu imepanda sentimita 15 hivi katika miaka 30. Maji ya bamvua yanachipuka kutoka chini, kupitia matumbawe, yanaingia kwenye mashimo ya pulaka, zao la jamii ya magimbi ambalo wazee walilichimbia hadi kwenye maji baridi ya ardhini. Chumvi ikifika hapo, shamba limekufa. Mwaka 2011 ukame uliwafanya watangaze hali ya dharura kwa kukosa maji ya kunywa. Pili, mkataba unaruhusu upande wowote kujitoa kwa taarifa ya miezi 12. Tatu, ahadi ya kwamba dola haifi kwa sababu ya maji ni silaha ya kisheria, si maneno matupu. Tuvalu ilibadilisha katiba yake mwaka 2023 ikatamka kwamba yenyewe ni ya kudumu na mipaka yake ya bahari haisogei. Tamko la upande mmoja lina nguvu kidogo. Likitambuliwa na jirani mkubwa kwa mkataba, leseni za jodari zinaendelea kuwa na mwenyewe.

Hapo hoja ya watetezi inanishawishi. Kwenye ile ya miezi 12, hapana. Ukishakuwa na maelfu ya ndugu Brisbane na Melbourne, nani atasimama bungeni Funafuti kupendekeza kuuvunja? Bunge lina wabunge 16, hakuna vyama, serikali huundwa na kuangushwa kwa wabunge wawili watatu kuhama upande. Kila mbunge anajulikana kwa jina kwenye falekaupule, baraza la wazee la kisiwa chake. Siasa ya karibu namna hiyo haiwezi kuvunja kitu ambacho kila familia ina mtu wake ndani yake.

Na wanaotaka kwenda ni wengi mno. Kura ya kwanza ya bahati nasibu ya kuwapata hao 280 ilipofunguliwa katikati ya 2025, waliojiandikisha pamoja na familia zao walifika 8,750. Ni zaidi ya watu wanane katika kila kumi. Wengine wameisoma idadi hiyo kama taifa zima kuaga. Nadhani wamesoma vibaya. Ada ilikuwa dola 25 za Australia, na ukipata hulazimiki kuhama moja kwa moja. Nani asingejiandikisha? Hata hivyo watu 280 kwa mwaka ni kama asilimia 2.6 ya nchi, na bahati nasibu haimuulizi mshindi kama yeye ndiye muuguzi pekee wa Nukulaelae au mwalimu wa Nui.

Nukulaelae inakumbuka kupoteza watu. Mwaka 1863 meli za watumwa kutoka Peru zilibeba watu wapatao 250 kutoka kisiwa hicho kwa ulaghai, karibu kisiwa kizima. Sisemi mkataba huu unafanana na ule uhalifu. Wa leo wanaomba kwenda. Nasema nchi ndogo huhesabu watu wake mmoja mmoja.

Kwa upande mwingine upo mfano ambao wapinzani wa mkataba hawautaji sana. Mwaka 1946 watu wa Vaitupu, kimojawapo cha visiwa vya Tuvalu, walichanga fedha zao wenyewe wakanunua kisiwa kizima huko Fiji, Kioa, na mwaka uliofuata walowezi wa kwanza wakahamia. Wajukuu zao wako hapo hadi leo, wanasema Kituvalu, na Vaitupu haikutoweka. Kuhama, basi, si kifo cha taifa kwa Wapolinesia, ambao walifika visiwani humo kwa ngalawa tangu mwanzo. Ila Kioa ilinunuliwa taslimu, na hati yake haikuwa na kifungu kinachomwambia Mvaitupu ashirikiane na nani kwenye bandari yake.

Ningekuwa mbunge wa Funafuti ningepiga kura ya ndiyo, kisha siku iliyofuata ningeanza kupigania neno moja: badala ya Australia "kuridhia", iwe "kushauriwa". Pengo kati ya maneno hayo mawili linatosha kupitisha meli.