Mguu Haukuruka, Ulisema

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawasimulia kwamba mguu wangu bandia ulichomoka kikaoni ukaruka hadi mezani kwa mkurugenzi, naomba nami nisikilizwe. Mguu haukuruka. Laiti ungeruka, leo ningekuwa naonewa huruma.

Wanaonifuata tangu zamani wanajua kwamba nilikatwa chini ya goti, na kwamba kigutu hakina saizi moja: asubuhi huwa kimejaa, kufika alasiri kimenywea, nami hulazimika kukiongezea soksi ili soketi, yaani kikombe cha mguu bandia ambamo kigutu huingia, ibane. Juzi joto lilikuwa kali, jasho limejaa ndani ya lina, ule mfuko laini wa silikoni unaokifunika kigutu, na kikao kilikuwa kimepitiliza muda, hivyo nafasi ya kutoka kuongeza soksi haikupatikana. Soketi ikilegea, hewa hupenya ndani. Ukiulemea mguu, hewa hiyo hutafuta pa kutokea. (Wenye miguu bandia wenzangu mmeshaanza kucheka, nawajua.)

Mwenyekiti akatuomba tusimame kwa dakika moja ya ukimya kumkumbuka mstaafu wetu mmoja aliyefariki. Tukasimama, vichwa vikainama, nami nikauegemea mguu wangu mzima kwa adabu zote. Hapo ndipo vidole nisivyokuwa navyo vilipoanza kuwasha. Ndiyo, huwasha, daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliandika habari za viungo vya namna hii mwaka 1871, kwa hiyo msiniite mwongo. Mwasho huo mimi huutuliza kwa kuukandamiza mguu bandia sakafuni, nikaukandamiza.

Sauti ilianza chini, taratibu, pasipo haraka yoyote. Ikapanda. Ikatetemeka kidogo, ikanyamaza kiasi cha kunipa matumaini, kisha ikamalizikia katika mluzi mwembamba uliofika hadi safu ya nyuma. Mama aliyekuwa mbele yangu alipandisha mabega bila kugeuka. Bwana wa kulia kwangu alisogea hatua moja, kistaarabu kabisa. Rafiki yangu, ambaye anaujua mguu huu kuliko ndugu zangu wengi na angeweza kunitetea, alikuwa ameuma tai yake. Nikaganda, paja likitetemeka, nikijua kwamba nikijipunguzia uzito hewa itaingia upya na nikiurudisha itatoka. Nikayumba. Mguu ukasema tena, safari hii kwa kifupi, kama muumini anayeitikia amina.

"Samahani, ni mguu," nikanong'ona, na sidhani kama tangu dunia iumbwe utetezi huo umewahi kumwokoa mtu.

Yaliyobaki ni machache: dakika ikaisha, tukaketi, nikaenda kuongeza soksi, na fundi wa viungo bandia amesema kigutu kimepungua mno, nitapimiwa soketi nyingine. Aliyefungua dirisha namjua. Tangu juzi ananisalimu, nami sijaitikia.