Kuzeekea Malindi ao kuzeekea Bukavu: bei haiko shida ya kwanza

Bandugu, kila mara kuna mutu wa kwetu Kongo mwenye anaishi Liège ao Bruxelles ananipigia simu, amefika karibu na retreti (kustaafu), anataka kujua huku Malindi nyumba ni bei gani, samaki ni bei gani, bahari iko mbali ao karibu. Najibu. Lakini maisha ya hapa hawaiulizake vizuri, maana wanaanza na bei, na bei njo kitu rahisi kuliko zote.

Ndiyo, ni rahisi. Pansioni yenye pale Ubelgiji inaishia kwa nyumba na gazi ya kupasha joto, huku inakutosha vizuri, unapangisha nyumba ya vyumba viwili yenye veranda, unalipa mutu wa kukufulia, samaki unanunua ya leo asubuhi, changu ao kolekole, siyo ya friji. Mimi asubuhi nakula mahamri na mbaazi ya nazi kwa mama mmoja wa kando ya barabara, nalipa na telefone, napanda tuktuk naenda soko. Bazungu walijua hii zamani, Baitaliano walianza kuzoea Malindi miaka ya 1960 wakati wa kituo cha San Marco pale Ngomeni, kile cha kurusha satelaiti, na leo bazee yao beko hapa wengi kabisa, pizeria kila kona.

Sasa joto. Mutu wa Bukavu, kule mashariki ya Kongo, asidanganywe na picha. Mwezi wa 3 kaskazi inakufa, hewa inasimama, unalala unaamka shuka imelowa. Sisi tulizaliwa mita 1500 juu, tuko karibu na ekweta lakini tunalala na blanketi, mwili wetu umezoea ile baridi ya jioni ya Kivu. Kisha mvua kubwa ya mwezi wa 4 na wa 5 inakuja, mto Sabaki unamwaga udongo wote baharini na maji ya pwani yanageuka nyekundu ya matope, kwenye matangazo ya nyumba ile maji hautaiona hata siku moja.

Na mimi nasema wazi, ziwa yetu ya Kivu ni nzuri kuliko hii bahari. Bukavu imenyoosha zile vidole tano ndani ya maji, kila kidole na nyumba zake na miti yake, mbele yako kisiwa cha Idjwi, jioni wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, wanatoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu mbele na nyuma, wanapiga kafi wanaimba, taa zikiwaka usiku unaona ziwa lote limejaa nukta za moto. Hewa digrii ishirini hivi mwaka muzima. Kama dunia ingekuwa na haki, wazee wa Ulaya wangekuwa wanapanga foleni kuja kuzeekea Muhumba na Nguba pale Bukavu.

Basi kwa nini niko Malindi? Maana Bukavu haiko bei rahisi, na watu wa nje hawajuake hii. Nyumba nzuri inalipwa kwa dola, na garanti ya miezi kadhaa mbele, kila kitu yenye inatoka mbali inapanda bei kwa sababu ya barabara, na ile dola yenyewe ikiwa na kakipande kamepasuka kwenye kona, kadogo kama ukucha, mama wa duka anaiangalia kwa mwanga anakurudishia, "Papa, hii haitembei." Lakini shida kubwa kuliko bei ni hii: mutu wa retreti anaishi na pesa ya kila mwezi, inatakiwa ipite kwa benki. Mwezi wa 2 wa 2025 waasi wa M23 wakaingia, benki zikafunga, ndege za abiria za Kavumu, uwanja wa Bukavu, zikaacha. Dada yangu alikuwa anavuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda, kutoa pesa yenye nilimutumia, mama wa miaka karibu sabini, na mvua. Hii inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kitu yenye nanunua hapa haiko bahari. Nanunua pesa inafika siku yake, lami mpaka Mombasa, kilomita kama 120, daktari akinituma kule nafika siku ileile, famasi iko wazi jioni. Hivyo njo vitu vya kuuliza ukichagua fasi ya kuzeekea, na Bukavu ingekuwa navyo mimi nisingefikiria pwani hata dakika moja.

Wale wenye bado mnataka kuja, mujue karatasi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hiyo haikupi ruhusa ya kukaa Kenya tu. Kuna pemiti ya K ya watu wasiofanya kazi, inaomba uwe na miaka 35 kwenda juu na mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka, na pansioni nyingi za baba zetu hazifike pale. Kiwanja, mugeni hapewi cha milele, katiba ya Kenya ya 2010 inasema mwisho ni miaka 99. Bima ya afya ya Ubelgiji haikufuatake huku, na kila mwaka kule wanataka cheti ya kuonyesha bado uko hai, isainiwe na mamlaka ya hapa, usipoirudisha pansioni inasimama.

Na kuna watu. Majirani wa hapa ni wazuri, nikipatwa na homa wanakuja na uji, siwezi kuwasema vibaya. Lakini kwetu Kadutu, Bukavu, mutu anaingia bila kupiga hodi, anajua jina ya mama yako, anajua ulipasuka kichwa kwa mawe gani ukiwa mutoto. Liège sikuipata hiyo miaka yote, Malindi naipata nusu.

Njo maana nawaambia, musiuze parseli (kiwanja) ya Bukavu ili mununue pwani, hata kama dalali anawaharakisha. Pangisha kwanza, uone mwezi wa 3, uone mwezi wa 5. Mimi parseli yangu ya Bagira iko na shangazi anaichunga, na nyumba ya hapa nalipa mwezi kwa mwezi, mwenye nyumba alitaka mkataba wa miaka mitano nikakataa.