Bomba la pili la Eddington

Mwaka 2015 ilipobainika kwamba awamu ya kwanza ya mtaa mpya wa Chuo Kikuu cha Cambridge imevuka bajeti kwa pauni milioni 76, wakosoaji walipata namba ya kushika, na mpaka leo hawajaiachia. Mimi ninayo nyingine: lita 80.

Mtaa wenyewe unaitwa Eddington, kwa jina la mwanafalaki Arthur Eddington. Uko kwenye hekta 150 za mashamba ya chuo, kaskazini-magharibi ya mji. Mpango uliopitishwa 2013 unataja nyumba 3,000, nusu za kupangishwa kwa wafanyakazi wa chuo kwa kodi nafuu na nusu za kuuzwa kwa yeyote. Vyumba 2,000 vya wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Maabara, shule ya msingi, supamaketi na ukumbi wa jamii. Wakazi wa kwanza walihamia 2017.

Hoja za wanaoupinga zina uzito. Ardhi ile ilikuwa ndani ya ukanda wa kijani, uliowekwa ili mji usimeze vijiji vya jirani kama Girton. Fedha nazo hazikuwa za mchezo: 2012 chuo kiliuza hati fungani, yaani kilikopa kwa wawekezaji, ya pauni milioni 350, ya miaka 40, na kuna wahadhiri wanaoamini kwamba kazi ya chuo ni kufundisha na kutafiti, biashara ya nyumba ina wenyewe. Tena nyumba zinazouzwa kwa bei ya soko la Cambridge hazimfikii muuguzi wala dereva wa basi. Haya yote ni kweli.

Ila katika kuhesabu pauni, watu wamesahau kuhesabu maji. Cambridge iko upande mkavu kabisa wa Uingereza. Mvua yake ni kama milimita 550 kwa mwaka. Maji ya kunywa yanavutwa kutoka kwenye mwamba wa chokaa chini ya ardhi, mwamba huohuo unaolisha vijito vya eneo lile, kwa hiyo kila nyumba mpya inakinyang'anya kijito fulani sehemu yake. Mwaka 2023 Wakala wa Mazingira ulipinga maombi ya miradi mikubwa ya nyumba huko kwa sababu hiyo. Eddington ilikuwa imeshasanifiwa zamani kwa lengo la lita 80 za maji safi kwa mtu kwa siku, wakati Mwingereza wa kawaida hutumia takriban 140.

Tofauti ni lita 60. Kwa familia ya watu wanne hizo ni ndoo 12 za lita 20, kila siku. Wala lengo halikuwekwa kwa kumsihi mtu aoge harakaharaka. Nyumba zina mabomba ya aina mbili: moja la maji ya kunywa, jingine la maji ya mvua yanayokusanywa kwenye mabwawa pembeni mwa mtaa, yakasafishwa, yakarudi kuhudumia choo, mashine ya kufulia na bustani. Kwingineko choo kinamiminiwa maji yaliyotibiwa hadi kufaa kunywewa na mtoto mchanga, na tumezoea hivyo kiasi kwamba hatuoni ajabu.

Bomba hilo la pili lina sharti moja zito: lilazwe kabla ya sakafu. Ukishamwaga zege na kubandika vigae, fundi atakayekuja kuliweka itabidi abomoe nusu ya nyumba na kuchimbua barabara yote. Mjenzi anayeuza na kuondoka hana sababu ya kulilipia, maana faida yake itakuja miaka mingi baada ya yeye kukabidhi funguo. Atakayelilipia ni mwenye ardhi anayejua kwamba miaka 40 ijayo atakuwa palepale, akipangisha nyumba zilezile. Ndiyo maana siwezi kuutazama mkopo ule kama kosa.

Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipita njia nyingine. Kilimpa ardhi mwekezaji kutoka Botswana, na 2006 jengo la maduka la Mlimani City likafunguliwa. Mzigo wa kutafuta fedha za ujenzi aliubeba mwekezaji, na maduka yalipatikana. Lakini aliyebeba mzigo ndiye mwenye sauti kubwa juu ya kinachofukiwa chini ya sakafu. Dar inapata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Cambridge. Hata hivyo Oktoba 2022, mto Ruvu unaolipa jiji maji ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao na watu wakazunguka na madumu. Vuli na masika ya Mlimani bado yanateremka mabondeni kuelekea baharini.

Nisichoweza kuitetea Eddington ni gesi. Joto la nyumba na maji ya moto vilipangwa kutoka kwenye kituo kimoja cha nishati kinachochoma gesi, na wanaosema hilo haliendani na sifa ya mtaa wa kijani wana haki. Bado hapo pia walilaza mabomba kwanza. Siku chuo kitakapoamua kuachana na gesi, mitambo ya kung'oa iko katika jengo moja, na hakuna atakayehitaji kubisha hodi nyumba kwa nyumba.